Upande wa Ndani wa Ramani

Katwanyi, 3 Juni 2025

Dada Kaltumu,

Tumefika, na wote wanne tu wazima. Nakuandikia kwa kalamu kama tulivyokuwa tukimwandikia baba enzi za shule kule Ujiji, kwa sababu huku simu ni kioo cha kujitazamia tu. Mnara ulianguka wakati wa vita na hakuna aliyeusimamisha. Barua hii anaileta Donatille wa Busasamana, yule mama anayevusha karoti na vitunguu pale petite barrière, kivuko kidogo cha mpakani. Kila Jumamosi anapanda boti Goma kuja kununua maharage huku, na amekubali kuwa posta yetu. Malipo yake ni chai na umbea, kwa hiyo mpe vyote viwili.

Kwenye kambi ya waliokimbia vita tulitolewa kwa kipaza sauti: kila mtu arudi kwao. Kwangu mimi Goma pamebaki ukuta mmoja, na ukuta haulali watu. Basi tumekuja kwao Illuminée, kwenye ardhi ya marehemu baba yake, na hapa ndipo tutajenga, Mungu akipenda.

Nikueleze palivyo. Mwambao wote huu ni lava iliyoshuka zamani kutoka mlimani ikaingia ziwani ikaganda. Hakuna barabara, hakuna soko, hata mbwa hakuna. Ulimi mmoja mrefu mweusi umetoka nchi kavu ukaingia majini, na ardhi ya mkwe wangu imekaa pande zake zote mbili. Upande wa macheo ni mawe na upepo, ndipo tulipofunga turubai. Upande wa machweo kuna bonde dogo lenye udongo mweusi, na majani yake ni mabichi hata kiangazi hiki. Ukishuka mle upepo unakatika kabisa, kama mtu amefunga mlango.

Sasa shida iko hapa. Illuminée alitoka huku akiwa mgongoni mwa mama yake, lakini anakumbuka mama yake akisema kwamba ardhi yao ina mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini, upande mmoja. Upi, hajui. Waliojua wametawanyika. Amebaki bibi mmoja, Mama Verediane, anakaa juu kidogo yetu na mbuzi wake watatu. Nilimuuliza, akanionyesha bonde lile zuri: "Kule haiko fasi ya kulala, baba. Mukilala kule, hamutaamuka." Alisema bila hata kunitazama. Lakini dada, kila siku mchana namwona yeye mwenyewe akikata majani ya mbuzi kandokando ya bonde hilohilo. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara. Mtu akikukataza chungu anachokula, unajiuliza.

Ndiyo maana nakuomba ramani ya babu Sulaiman. Si ndiye aliyewashikia Wabelgiji mnyororo walipopima mwambao huu? Kama mazuku yapo, babu aliyaona, na yameandikwa. Nataka ramani iamue, kabla sijachimba msingi.

Yasmina anakusalimu shangazi yake. Sule anauliza kama cherehani bado inanguruma.

Ndugu yako,
Kadiri


Gisenyi, 11 Juni 2025

Kadiri mdogo wangu,

Chai ameinywa, umbea ameupata, na sukari yangu imekwisha. Mwambie Sule cherehani inanguruma kuliko mwaka jana, inadai mafuta, na mwenyewe nadai miwani.

Ramani ninayo. Unajua ilivyopona: baba alitumia mgongo wake kuchorea patroni, kiolezo cha kukatia kanzu, na kwa miaka thelathini nami nimeitumia hivyohivyo, ndiyo maana haikutupwa kama vingine. Nimeitandaza mezani, nikaisoma kwa kioo cha kukuzia cha jirani. Mistari ya vilima imejaa kama alama za vidole. Ulimi wako wa lava upo. Kuna kisiwa kidogo mbele yake. Na kando ya ulimi, upande mmoja, kuna msalaba mdogo na neno limeandikwa kwa herufi za kulala: mazuku. Nilipoliona nilikaa kitini. Babu alikuwa akitusimulia sisi tukicheka, kwamba ni pepo baya lisiloonekana wala kunuka, linatuama chini mabondeni kama maji, na anayelala ndani yake haamki. Alisema walimpoteza mpishi wao hukohuko. Kwa hiyo usicheze.

Lakini ramani yenyewe siileti. Siku hizi mpakani wanafungua hata vitumbua. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Nengo alikutwa na mchoro wa barabara mfukoni, akalala ndani siku nne akiulizwa ni mpelelezi wa nani. Donatille ana watoto watano. Ramani ya Wabelgiji yenye milima yote ya mpakani ikikutwa chini ya karoti zake, mimi ndiye nitakayewalea.

Basi nimefanya kifundi. Nimekunakilia kipande chako kwenye karatasi ya patroni, kwa kaboni na kigurudumu cha kufuatishia mistari, kama ninavyohamisha mkono wa kanzu. Askari akiifungua ataona blauzi ya mwanamke mnene. Maneno nimeyaandika ya kwetu: KOLA ni mlimani, PINDO ni ufuko wa ziwa, KIFUNGO ni kisiwa. Na pale penye neno KWAPA, ndipo penye mazuku. Juu ya karatasi ni kaskazini, kama ramani zote. Penye KWAPA usijenge, usilale, usimfunge hata mbuzi. Upande wa pili jenga kwa raha zako.

Kuhusu huyo bibi, usimvunjie heshima. Lakini karatasi haina mbuzi wa kulisha.

Dada yako,
Kaltumu


Katwanyi, 22 Juni 2025

Dada,

Blauzi imefika. Pale barrière askari aliigeuza mara mbili, akamuuliza Donatille nani atakayeivaa, akamjibu, "Ni mama yako, afande," akaachiwa kwa kicheko. Mungu amweke.

Nimesimama nayo juu ya mawe, nikaielekeza kaskazini. Dada, sikiliza. KWAPA liko macheo. Ni hapahapa, chini ya turubai letu. Tumelala wiki tatu kwapani. Illuminée alilia, nami nikamwambia kwamba huu upepo tunaoulaani kila siku ndio uliotulinda, unayafagia mazuku kabla hayajatukaa. Siku utakapotulia tutakwisha. Jioni hiyohiyo tulihamisha watoto huko juu kando ya njia, na sasa nachimba msingi kule bondeni, upande wa machweo.

Kitu kimoja kilinichanganya kidogo. KIFUNGO umekishona upande wa machweo, na mimi kisiwa nakiona macheo kila nikinawa uso. Nilifikiri sana. Halafu nikajiambia, ramani ni ya miaka karibu tisini, na volkano imemwaga mara ngapi tangu hapo? Pengine kisiwa cha babu kilifunikwa na hiki ni kipya. Au Mbelgiji alikuwa amelewa. Wewe unaonaje?

Mama Verediane alishuka alipoona jembe. Nilimwonyesha karatasi. Alisema, "Mi sijue kusoma. Mi niko najua kuku zangu zilikufia wapi." Nikamwambia kwa upole kwamba babu yangu alipima mwambao huu kabla yeye hajazaliwa. Akageukia Illuminée: "Mama, we uko na akili. Mutoto atalala, hataamuka." Illuminée akamgeuzia mgongo. Maneno yale yalimkera, kumtajia mtu mtoto namna ile. Siku hizi bibi akipita hatusalimii.

Nyumba itakuwa ya mbao na mabati, mlango unatazama ziwa.

Kadiri


Gisenyi, 30 Juni 2025

Kadiri,

Unaniuliza ninaonaje? Naona kwamba unataka kunifundisha kushona. Nimepitisha kigurudumu juu ya kila mstari, nikahesabu hata ghuba ndogondogo. Miaka thelathini sijawahi kumkatia mtu mkono wa kulia mahali pa kushoto. Kama kisiwa hakipo kilipochorwa, muulize mlima, usiniulize mimi. Mwaka ule mlima ulipomwaga nikalala na majirani barabarani, si mawe yalihamia hadi mlangoni kwa watu?

Jenga. Nimemshonea Sule kanzu nyeupe ya Idi ijayo, nimeacha pindo pana kwa sababu najua anavyorefuka. Donatille anayo.

Kaltumu


Katwanyi, 9 Julai 2025

Dada yangu mkali,

Tumehamia Jumapili. Ungeiona nyumba ungesema Kadiri amekuwa mtu. Watoto wamelala bila kusikia bati likigonga, mara ya kwanza tangu vita. Bondeni ni kimya hadi unasikia samaki wakirukaruka ziwani.

Sule amevaa kanzu siku tatu mfululizo, imekuwa kijivu. Amekataa kuivua.

Mambo madogomadogo hayakosi. Kuku wote watano tulionunua walikutwa wamekufa asubuhi ya pili, ndani ya tundu lao, bila jeraha. Ni kideri, nimeambiwa kipo Goma pia. Taa nayo inanisumbua: nikiiweka mezani inawaka vizuri, nikiishusha sakafuni inazimika. Nadhani mafuta ya taa ya huku yana maji. Na mimi kichwa kinanigonga kila nikiamka, lakini nikishapanda juu kuokota mawe kinaacha, nadhani ni uchovu wa ujenzi. Sule amekuwa mvivu wa kuamka. Jana nilimtikisa hadi nikaogopa, kisha akafungua macho akacheka. Illuminée anasema ni kukua.

Isingekuwa ramani yako, ningeanza kumsikiliza yule bibi. Lakini mazuku yako kule ng'ambo, tumeyapa mgongo. Lala salama dada, umetuokoa.

Kadiri


Gisenyi, 14 Julai 2025

Kadiri,

Ondokeni bondeni leo hii, mara tu ukimaliza kusoma. Usisubiri kuvunja nyumba, usichukue vyombo. Beba watoto mikononi, usiwaache watembee chini, pandeni juu kwa Mama Verediane, muombeni mlale kwake.

Nimeota vibaya. Nimekuota mahali hapo, wewe na Sule, na babu amesimama juu ya ulimi akiwaita na hamsikii. Sijapata kuota namna hii. Usinicheke, na usiniulize zaidi. Mahali hapo ni pabaya.

Nimempa Donatille nauli ya boti ya peke yake, asingoje Jumamosi.

Dada yako


Katwanyi, 20 Julai 2025

Wifi Kaltumu,

Ni mi Illuminée nakuandikia. Kadiri hayuko tena. Sule naye hayuko.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mi na Yasmina tulitoka mapema kwenda kuchota maji, kwa sababu ziwa likitulia maji yanakuwa safi. Tuliwaacha wanalala. Sule alikuwa kwenye mukeka chini, Kadiri kwenye kitanda. Tulirudi jua limetoka. Mulango ulikuwa wazi. Kadiri alikuwa amepiga magoti, ameinama juu ya mukeka, mikono iko chini ya mutoto kama anataka kumubeba. Nilifikiri anasali. Nilimuita. Nilitaka kuingia, lakini magoti ikaisha nguvu, nikaanguka mulangoni. Mutu alinivuta na miguu kutoka nyuma. Alikuwa Mama Verediane. Alimukamata Yasmina pia, akamutupa kwenye majani huko juu.

Wavuvi walishuka kwa kushika pumzi, wakawatoa. Mwislamu mumoja wa Sake aliwaosha, tukazika siku ileile. Sule tulimuzika na kanzu yake chini ya sanda. Yule mwanaume alisema haifai, halafu alinitazama, akaniachia.

Boti ilikosekana, barua yako ilifika Ijumaa. Nilifungua mi mwenyewe.

Wifi, niliisoma mara nyingi. Wewe uko mbali, hujui kitu, na umeota. Umesema babu alisimama, anawaita. Umesema mahali pabaya. Nilianza kufikiri. Ramani ilisema mazuku iko upande wa macheo, na ramani ni ya Wazungu, haiwezi kudanganya. Donc, basi, kule bondeni hakukuwa mazuku. Ilikuwa kitu kingine. Na nani alisema "mutoto atalala, hataamuka"? Alisema mbele yangu. Alisema mara mbili. Nani alifika wa kwanza siku ile, kabla sijapiga kelele? Alikuwa anangojea.

Sikunyamaza. Nilisomea watu barua yako pale kwa makaburi. Kila mutu alisikia kwamba hata dada ya marehemu, Gisenyi, ameonyeshwa kwa ndoto. Vijana wa kijiji cha juu walitaka kumuchoma yule bibi siku ileile, chefu wa kijiji akawazuia. Ameitisha mukutano Jumamosi tarehe 9 mwezi wa nane. Chefu anasema mi ndiye mwenye damu. Neno langu na barua yako ndiyo vitaamua. Vijana wameshaleta tairi.

Niambie uliota nini tena. Uliona uso wake? Uandike vizuri nipate kusoma.

Yasmina hasemi. Anakaa tu, anashika koti ya baba yake.

Wifi yako
Illuminée


Gisenyi, 27 Julai 2025

Illuminée, mke wa ndugu yangu,

Sikuota kitu.

Kaa chini uisome yote, usiruke. Kisha Jumamosi hiyo uisome tena mbele ya chefu na watu wote, kwa sauti, jina langu likiwemo.

Barua ya Kadiri ya tarehe 9 ilinifikia Jumapili. Niliposoma kuhusu kuku na taa, niliacha mkate mezani, kwa sababu mambo hayo babu alikuwa akiyasema: taa huzimika kwanza. Nikaitoa ramani. Nikaitafuta karatasi ya majaribio niliyoifanya kabla ya ile niliyowapelekea, nikaiweka kando yake. Kwenye ramani ya babu kisiwa kiko macheo ya ulimi. Kwenye karatasi yangu kiko machweo. Kwenye ramani ya babu neno mazuku liko machweo, katika bonde lenu. Kwenye karatasi yangu liko macheo.

Nitakueleza nilivyofanya, ili asiwepo wa kusema ni uchawi. Sisi mafundi kitambaa tunakitia alama upande wa ndani, ule usioonekana. Kaboni inalala chini, uso wake juu, na mistari inatoka mgongoni mwa kitambaa. Haidhuru, maana nguo ikishashonwa hugeuzwa, na kila kitu hurudi mahali pake. Mkono wangu umefanya hivyo miaka thelathini, haunisubiri niufikirie. Niliitia kaboni chini ya karatasi vilevile. Mistari ikatoka upande wa ndani. Nikaipindua, nikaona mchoro safi, nikaandika KOLA na KIFUNGO na KWAPA kwa mwandiko wangu mzuri. Karatasi haikugeuzwa tena. Nimewapelekea nchi iliyopinduliwa, macheo yakawa machweo.

Mlikuwa mmefunga turubai mahali salama. Mimi ndiye niliyewatoa.

Na si hilo tu. Kadiri aliona. Aliniandikia kwamba kisiwa hakiko kilipochorwa. Ningesimama dakika moja, ningekwenda kabatini nikaitazama ramani, leo Sule angekuwa anaichafua kanzu. Sikusimama. Nilimjibu kwa ujeuri kwamba mkono wangu haukosei. Nilikuwa na wateja wawili mlangoni na sikutaka wasikie kwamba mdogo wangu ananisahihisha. Mwanamume amekufa kwa sababu hiyo, na mtoto.

Halafu Jumapili ile, nilipokwisha kujua, nilikaa na kalamu kuanzia adhuhuri. Nilitaka kuandika: nimekosea, ondokeni. Maneno mawili tu. Yakanishinda. Nilimwona Kadiri akiisoma kwa sauti, wewe ukisikiliza, na mimi nikiwa dada asiyejua kulia na kushoto. Nikatunga ndoto. Nilijiambia watoke tu, mengine tutayacheka Idi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeuficha wangu hadi umezaa hili. Ndoto ile ndiyo uliyoisoma makaburini, na sasa inamtafutia mama wa watu tairi.

Mama Verediane alisema kweli tangu siku ya kwanza. Hakumlaani mtoto, alimhofia. Anakata majani kando ya bonde mchana, upepo ukiwapo, kwa sababu anajua saa zake. Alifika wa kwanza, bila shaka kwa sababu alikuwa akiwalinda kwa macho kila asubuhi, na kama si mkono wake kwenye mguu wako, Yasmina asingekuwa na mama. Mkimgusa mwanamke huyo mtakuwa mmeua wa tatu kwa karatasi yangu.

Maneno yangu pekee hayatoshi, ninalijua hilo. Kwa hiyo naileta ramani yenyewe. Nimemwambia Donatille kilichotokea na hatari yake mpakani, nikamwambia akatae akitaka. Alinivulia koti lake. Nimeishonea ndani ya bitana. Fumueni mshono wa mgongoni. Iwekeni mbele ya chefu pamoja na karatasi yangu, muielekeze kaskazini, kisha kila mtu atafute kisiwa kwa macho yake. Anayetaka kuhakikisha aishike karatasi yangu aielekeze juani, aitazame kwa nyuma. Itafanana na ramani mstari kwa mstari.

Nililia juu ya mistari ile hadi nikaogopa itafutika. Sikuombi msamaha kwa barua, itakuwa kukudharau. Naomba jambo moja. Mambo yakitulia, unikubalie nije Katwanyi nisimame makaburini, na nimwone Yasmina. Kama utataka asome, chumba cha Kadiri hapa bado kipo, na kitanda chake. Nitamlea kama ninavyodaiwa.

Kaltumu, mjukuu wa Sulaiman, fundi, soko la Gisenyi


Katwanyi, 12 Agosti 2025

Kaltumu,

Barua yako ilifika na koti ilifika. Nilikaa nayo siku saba. Usiku mumoja niliipeleka karibu na moto. Nikiichoma, Mama Verediane anakufa na mi nabaki na mutu wa kuchukia hapa karibu, ninayemuona na macho. Wewe uko mbali. Ni vigumu kuchukia mutu wa ngambo ya ziwa.

Jumamosi niliisoma. Nilisoma yote kama ulivyosema, na jina lako. Mara tatu sauti ilikatika, chefu akanipa maji. Tuliweka karatasi zote mbili juu ya jiwe. Chefu alishika yako akaielekeza juani, akatazama nyuma, akaita na wengine. Walipita mumoja mumoja. Vijana waliondoa tairi wao wenyewe.

Mama Verediane aliuliza kama anaweza kuona. Hajui kusoma. Alitazama ramani ya babu yenu muda murefu, halafu akaweka kidole pale kwa musalaba. Alisema, "Ni hapo." Basi. Hakunitukana. Nilipiga magoti mbele yake, watu wote wakiona, akaniambia nisimame, mavumbi itaharibu kitenge.

Sasa tunalala kwake. Nyumba ya bondeni tumeiacha wazi, hakuna mutu anashuka.

Ramani nakurudishia na Donatille, kwenye bitana ileile. Karatasi yako chefu ameibakisha.

Ulisema kweli, na nimeona ilikuwa vigumu kwako. Mama wa watu amepona kwa sababu ya kweli ile. Nakushukuru kwa ajili yake yeye. Lakini usije. Na usiandike tena, nimemukataza Donatille kuleta.

Yasmina alikuwa pale wakati nasoma. Juzi alianza kusema tena. Aliuliza kama sasa shangazi atakuja kutuchukua. Nilimuambia hatuna mutu Gisenyi.

Illuminée
mama Sule